LEO NI TAREHE NGAPI?
Historia ya amri ndogo inayotaja siku na saa ndani ya kompyuta



Ndugu msomaji, hakuna mwezi ambao sisi huulizana tarehe kama mwezi huu. "Leo tumefunga ngapi?" "Kumi la kati limeingia?" "Magharibi ya leo ni saa kumi na mbili na dakika ngapi?" Mtoto anauliza, mama anauliza, hata yule ambaye mwaka mzima hajui mwezi wa Kiislamu unaitwaje, naye anauliza. Sasa swali hilo hilo kompyuta nayo huulizwa, usiku na mchana, na ina neno moja la kulijibu. Ukifungua ile sehemu nyeusi ya kuandikia amri, isiyo na picha wala vibonyezo, katika mashine yenye Linux au katika Mac, ukaandika date, ukabonyeza Enter, inakujibu kwa mstari mmoja. Kwa mtindo wake wa zamani jibu huwa hivi:

Sun Sep 9 04:46:40 EAT 2001

Basi ni hilo tu. Siku, mwezi, tarehe, saa, eneo la saa, mwaka. Mstari huu nimeuchagua makusudi na nitaueleza mbele. Vijana wengi wanaosomea kompyuta huupita haraka kwa kuona ni mambo ya darasa la kwanza. Lakini nyuma ya neno hilo moja kuna zaidi ya miaka hamsini ya watu kusumbuka, na baadhi ya shida walizokutana nazo sisi Waislamu tunazijua tangu zama za masahaba.

SHAABANI IPI?

Tuanzie huko. Wanahistoria wanasimulia kwamba katika ukhalifa wa Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliletewa hati ya deni iliyosema kwamba malipo ni mwezi wa Shaabani. Umar akauliza: Shaabani ipi? Iliyopita, hii tuliyo nayo, au ijayo? Na inasimuliwa pia kwamba Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), aliyekuwa gavana wa Basra, alimwandikia khalifa kwamba barua zinamfikia bila tarehe, hajui ipi ya mbele na ipi ya nyuma. Dola imepanuka, amri zinakwenda Iraq na Sham na Misri, na karatasi haisemi imeandikwa lini.

Masahaba wakakusanywa kushauriana. Miezi walikuwa nayo tayari, kumi na miwili, tangu kabla ya Uislamu. Kilichokosekana ni mahali pa kuanzia kuhesabu miaka. Wengine wakataja mazazi ya Mtume (S.A.W.), wengine kupewa utume, wengine kufariki kwake. Ikakubaliwa Hijra. Tena mwaka hawakuuanza katika Rabiul Awwal, mwezi ambao Mtume (S.A.W.) alifika Madina, bali katika Muharram wa mwaka ule ule. Uamuzi huo kwa kauli iliyo mashuhuri ulipitishwa mwaka wa 17, yaani mwaka wa kwanza ulipewa namba ukiwa umeshapita miaka kumi na sita.

Zingatia jambo hili, kwa sababu mafundi wa kompyuta walilirudia lote bila kujua: kwanza unahitaji kituo cha kuanzia, na kituo hicho hakidondoki kutoka mbinguni. Watu hukaa wakakichagua. Sisi Waswahili tuna kituo kingine cha kwetu kabisa. Mwezi unaofuata Ramadhani tunauita Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa, ndipo tukaingia Rajabu. Miezi tisa mizima inahesabiwa kuanzia pale tulipofungua saumu.

WALIOANZA UPYA MARA TATU

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo uliokuja kuitwa Unix. Kitabu cha kwanza cha maelezo yake kilitoka Novemba 1971, na amri ya date imo humo. Kwa hiyo ni miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa ya mfumo huo, pamoja na lile la kunakili faili na lile la kuorodhesha.

Mashine yao haikuweka tarehe kwa maneno. Iliweka namba moja tu, na namba hiyo ilikuwa hesabu ya mipigo tangu kituo fulani. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, na saa ya mashine ilikuwa ikiufuata. Basi wakahesabu sehemu za sitini za sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1971. Sanduku la kuwekea namba hiyo lilikuwa na nafasi 32 za sifuri na moja, ambazo zinabeba namba 4,294,967,296 na si zaidi. Gawanya kwa 60, kisha kwa sekunde za siku, utapata siku 828 na kitu. Yaani kalenda nzima ya mashine ilikuwa na umri wa miaka miwili na miezi mitatu! Ikiisha, inarudi sifuri.

Wao wenyewe walilijua hilo na kitabu chao kilitaja kasoro hiyo waziwazi. Dawa ya kwanza ilikuwa ya kiujanja: kusogeza kituo mbele, kikawa mwanzo wa 1972. Lakini kusogeza kituo kila mara ni sawa na kubadilisha Hijra kila baada ya miaka miwili. Faili zote za zamani zinakuwa na tarehe ya uongo. Mwishowe, kufikia toleo la nne la kitabu mwishoni mwa 1973, wakaacha mipigo ya sitini, wakahesabu sekunde nzima, na kituo kikawekwa saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich. Hapo pakakaa mpaka leo. Hakuna tukio kubwa la siku ile. Ilikuwa namba nzuri ya duara iliyo karibu nao. Kwa saa za Nairobi ilikuwa saa tisa za usiku, na kwa hesabu yetu ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Mfunguo Mosi, mwaka wa Hijria 1389.

Simu iliyo mfukoni mwako, kama ni Android au iPhone, inahesabu kutoka sekunde hiyo hiyo. Na ule mstari niliouanza nao, tarehe 9 Septemba 2001, saa kumi na dakika 46 za alfajiri kwetu, ndiyo sekunde ambayo hesabu ilifika bilioni moja kamili.

m NDOGO NA M KUBWA

Namba ya sekunde haimfai mama anayetaka kujua kama ni wakati wa daku. Ndipo ikaja kazi ya kuipamba. Amri ya date ikapewa uwezo wa kupokea alama ya kujumlisha na herufi zenye alama ya asilimia mbele yake. Ukiandika date +%d/%m/%Y unapata 09/09/2001. Herufi d ni siku, m ni mwezi, Y ni mwaka kwa tarakimu nne, H ni saa, M ni dakika, S ni sekunde, na s ndogo ni ile hesabu yenyewe tangu 1970. Nyingi ya herufi hizo ziliwekwa pia katika kanuni rasmi ya lugha ya C mwaka 1989, na kutoka hapo zikaenea katika lugha nyingine za kuandikia programu.

Angalia mtego: m ndogo ni mwezi, M kubwa ni dakika. Kijana akikosea, orodha yake ya michango itasema fedha zilipokewa tarehe 14 ya mwezi wa 47. Angalau huo ni uongo unaoonekana. Mbaya zaidi ni ule usioonekana. Ukiandika 03/04/2005, mtu wa Mombasa anasoma tarehe tatu mwezi wa nne. Mmarekani anasoma tarehe nne mwezi wa tatu, na wote wawili wamesoma sawasawa. Shaabani ipi? Ndiyo maana mwaka 1988 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kanuni namba 8601: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, 2005-04-03. Amri yake ni date +%Y-%m-%d. Ukizipa faili majina ya namna hiyo, kompyuta ikizipanga kwa herufi zinajipanga pia kwa wakati. Nawausia makatibu wote wa jumuiya zetu na walimu wa madrasa wanaoweka rejista kwenye kompyuta waitumie hii, wala wasiwe na ubishi.

Kuna na jambo la kuchekesha kidogo. Herufi u inatoa namba ya siku ya wiki, na kwa hesabu ya mashine Jumatatu ni siku ya kwanza. Sasa mwambie Mswahili kwamba Jumatatu ni moja! Sisi tunaanza baada ya Ijumaa: mosi, pili, tatu, nne, tano, kisha tunarukia Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano. Tuna siku mbili za tano kwa wiki moja na hatujawahi kuchanganyikiwa.

Na saa je? Kompyuta inasema 19:00, sisi tunasema saa moja. Hakuna herufi ya saa ya Kiswahili, lakini ipo njia. Andika:

TZ=SAA-9 date "+%A %I:%M"

Hapo unaiambia mashine ijifanye iko saa sita mbele ya Nairobi. Alhamisi saa moja ya jioni itaandika 01:00, tena itaandika siku ya Ijumaa, kwa Kiingereza kama mashine yako ni ya Kiingereza. Ndivyo wazee wetu wanavyosema: jua likizama Alhamisi, huo ni usiku wa Ijumaa. Haifuati jua lenyewe, maana yenyewe inageuza siku saa kumi na mbili kamili, na jua kwetu huzama baada ya hapo. Lakini kwa hesabu ya saa iko sawa. Saa hiyo, kwa taarifa yako, ndiyo saa ya Tokyo. Mjapani akitazama ukutani kwake anasoma saa ya Kiswahili!

NAIROBI IMEKUWA NA SAA NGAPI?

Zile herufi EAT katika mstari wetu ni saa za Afrika Mashariki. Kompyuta inazijuaje? Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Arthur David Olson, alianza kukusanya jedwali la saa za dunia, nchi kwa nchi, na kila badiliko lililowahi kufanywa. Baadaye Paul Eggert akaliendeleza. Ni kazi ya watu wa kujitolea, na mwaka 2011 ilikabidhiwa kwa IANA, shirika linalosimamia namba na majina ya intaneti. Jedwali hilo limo ndani ya Linux, ndani ya Mac, ndani ya simu.

Humo Nairobi ina historia ambayo wengi wetu hatuijui. Mpaka 1908 inahesabiwa kwa jua lake, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kisha ikawa saa mbili na nusu. Katikati ya 1928 ikawa saa tatu kamili. Januari 1930 ikarudi mbili na nusu. Mwanzo wa 1937 ikawa saa mbili na dakika 45. Na kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 ikawa saa tatu, mpaka leo. Babu aliyezaliwa Nairobi kabla ya 1928 akafika miaka ya arobaini alibadilishiwa saa mara nne bila kuhama mtaa.

Saa tatu mbele ya Greenwich ni saa ya nyuzi 45 mashariki, na nyuzi hiyo haipiti Kenya. Inapita karibu na Mogadishu. Ndiyo sababu adhuhuri ya Nairobi haiingii saa sita kamili, inangoja kama nusu saa. Mombasa iko mashariki ya Nairobi, jua lake liko mbele kama dakika kumi na moja, na kila mwenye jamaa kote kuwili anajua nani anapiga simu ya kwanza kusema "sisi tumeshafungua".

RAMADHANI NDANI YA JEDWALI

Sasa nafika kwenye sehemu inayotuhusu zaidi. Ziko nchi za Kiislamu zinazobadilisha saa kwa ajili ya saumu. Misri mwaka 2014 ilianza saa za kiangazi mwezi Mei, ikazisitisha Ramadhani ilipokaribia, ikazirudisha baada ya Idi, ikaziondoa tena Septemba. Mabadiliko manne katika mwaka mmoja. Morocco, tangu Oktoba 2018, iliamua kukaa saa moja mbele ya Greenwich mwaka mzima, isipokuwa Ramadhani ambapo hurudi nyuma saa moja ili watu wafuturu mapema. Uamuzi huo ulitangazwa siku mbili tu kabla ya saa kubadilika. Programu hazisambai duniani kwa siku mbili.

Kwa sababu hiyo watunzaji wa jedwali walilazimika kuingiza Ramadhani ndani ya kompyuta za dunia nzima. Wamepiga hesabu ya mwezi kwa kila mwaka na kuandika mistari mpaka mwaka 2087. Hebu fikiri: ndani ya mashine ya benki ya London au ya shule ya Brazil, mahali ambapo hakuna mtu anayefunga, kuna orodha ya Ramadhani za miongo ijayo. Humo utauona mwaka 2030, ambao kwa hesabu utapata Ramadhani mbili, moja ikianza mapema Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba.

Lakini Lebanon ndiyo iliyoonyesha hatari iliyopo. Tarehe 23 Machi 2023, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeingia, waziri mkuu Najib Mikati alitangaza kwamba saa za kiangazi, zilizotakiwa kuanza siku mbili tatu baadaye, zitangoja mpaka mwezi uishe. Kanisa la Maroni likakataa, na baadhi ya vituo vya televisheni na shule zikakataa. Kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili, na watu wakaanza kuuliza "kwa saa ya nani?" Jambo la kusogeza mshale likageuka la Waislamu na Wakristo. Watunzaji wa jedwali walitoa toleo jipya siku ile ile ya tangazo. Tarehe 27 serikali ikabatilisha uamuzi, na tarehe 28 wakatoa jingine la kufuta lile. Walikuwa hawana upande. Kazi yao ni kuandika saa ambayo watu wanaifuata, na siku zile watu wenyewe hawakujua wanafuata ipi.

Mwezi mwandamo nao una hesabu yake. Wataalamu wa falaki wa Kiislamu walitengeneza zamani jedwali la miaka thelathini, ambamo miaka kumi na moja inaongezwa siku moja. Jumla siku 10,631. Windows ya Microsoft inatumia hesabu ya aina hii kwa kalenda ya Hijria, na yenyewe imeweka mahali pa kusogeza tarehe siku moja au mbili mbele au nyuma. Kwa nini? Kwa sababu waliotengeneza walijua kwamba hesabu inatoa wastani, na mwezi wa kufunga unasubiri shahidi. Saudia ina kalenda yake ya Umm al-Qura, ambayo lugha ya Java iliichukua mwaka 2014, na mara nyingine nayo inatofautiana na jedwali lile kwa siku nzima. Kwa hiyo simu mbili mezani zinaweza kutoa tarehe mbili za Ramadhani na hakuna iliyoharibika. Usiku wa kuandama mwezi hapa Kenya tunamsikiliza Kadhi Mkuu, na kijana anayewaonyesha wazee simu kama ushahidi ajue kwamba fundi aliyeiandika hakudai makubwa hivyo.

SEKUNDE YA MWISHO

Kimebaki kile kituo cha 1970. Sanduku la nafasi 32 lilibaki, ila nafasi moja ilitumika kuonyesha kama namba iko kabla au baada ya kituo. Zilizobaki zinabeba sekunde 2,147,483,647, kiasi cha miaka sitini na nane. Zikijaa, namba inageuka kuwa hasi.

Dalili zimeshaonekana. Mei 2006 programu fulani za kuendeshea tovuti zilianguka kwa sababu mwandishi alitaka kusema "milele", akaandika sekunde bilioni moja kutoka sasa, na bilioni moja kutoka siku ile ilivuka mwisho. Mashine kubwa zimepewa sanduku la nafasi 64, ambalo halijai leo wala kesho. Linux ya mashine ndogo za 32 ilipata dawa kamili mwaka 2020. Wasiwasi ni wa vile vidude vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa: mita, kamera za ulinzi, vifaa vya kuongoza mitambo, ambavyo vikinunuliwa havibadilishwi miaka ishirini. Kijana anayesomea ufundi huu sasa ndiye atakayeitwa kuvitazama.

Siku yenyewe ni Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 za asubuhi. Kidude kisichotengenezwa, ukikiuliza date sekunde moja baadaye, kitajibu kwamba ni Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901. Na kama kina lile jedwali la Nairobi, kitasema ni saa tano na dakika 13 za usiku, maana mwaka 1901 kwa mujibu wa jedwali Nairobi ilikuwa bado inakwenda kwa jua lake.